Kubadilisha AC za nyumba nzima Tanga: anza na dari, dukani utaenda baadaye

AC nyingi za Tanga hazifi kwa uzee. Huliwa na chumvi, huunguzwa na umeme unaopanda na kushuka, au huwa zilikwishaharibiwa siku ile ile zilipofungwa, mwenye nyumba akaja kujua msimu wa pili wa joto. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii dukani. Ukianza na duka utarudi na mashine nzuri, utaitundika kwenye chumba kinachovuja hewa, utaiunganisha na waya uliochoka, kisha baada ya muda mfupi utarudi sokoni tena.

Msimamo wangu ni huu: bajeti yoyote uliyonayo, tenga theluthi yake isiguse mashine kabisa. Hiyo ni ya dari, madirisha, waya, mabomba na mkono wa fundi. Pesa zikipungua, punguza idadi ya vyumba, lakini hapo usiguse.

Nyumba ninayoizungumzia ni ile ya kawaida ya mjini: ukuta wa matofali ya saruji au mawe ya matumbawe, bati juu, sebule na vyumba vitatu, na AC mbili tatu za zamani zinazonguruma usiku kucha. Walio Raskazone na Sahare wana tatizo la bahari. Walio Ngamiani wana tatizo la majirani waliobanana. Nitayagusa yote mawili.

Chagua msimu

Kazi hii ifanywe kati ya Juni na Agosti. Masika yamekwisha, kusi linavuma, usiku unaweza kulala na panga boi tu nyumba ikiwa haina AC hata moja. Fundi naye wakati huo ana nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Ukingoja kaskazi, Desemba hadi Machi, kila mtu mjini anampigia fundi simu, na fundi mwenye kazi tano kwa siku ndiye anayeruka hatua ambazo nitazisisitiza huko mbele.

Je, ni lazima ubadilishe?

Kabla ya kuihukumu AC, itazame kwanza. Isiyopoza inaweza kuwa na chujio lililoziba vumbi, koili chafu (yaani mabomba yenye mapezi yanayopitisha gesi ya kupozea), au feni ya nje iliyokufa. Ikinguruma bila kuwaka, mara nyingi ni kapasita inayoisaidia mota kuanza, kitu kidogo cha bei ndogo. Fundi anayekwambia "kompresa imekufa" bila kupima kapasita, mwambie aipime mbele yako.

Kuna hali tatu ambazo mimi sihangaiki na matengenezo. Ya kwanza ni kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, iliyoungua kweli. Ya pili ni koili iliyooza kwa chumvi mpaka inavuja sehemu mbili tatu, maana ukiziba hapa itatoboka pale. Ya tatu ni mashine inayotumia gesi ya kupozea ya R22, ikiwa inavuja, hata kama mengine yote ni mazima.

R22 ni miongoni mwa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na dunia ilikubaliana kuziondoa kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. Kwa nchi zinazoendelea, ratiba inataka matumizi ya gesi za kundi hilo yawe yamepunguzwa kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na kuondolewa ifikapo 2030, kikibaki kiasi kidogo cha kutengenezea mashine za zamani hadi 2040. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba kila mwaka gesi hiyo itazidi kuwa adimu na ghali. Kuijaza kila baada ya miezi michache ni kununua kitu kinachotoweka ukakiachia hewani.

Hapa kuna hatari moja. Wapo mafundi watakaokwambia wataijaza mashine yako ya R22 gesi nyingine "inayofanana", na baadhi ya gesi hizo zinawaka moto kama gesi ya kupikia. Mashine ya R22 haikutengenezwa kwa gesi inayowaka: swichi zake zinaweza kutoa cheche na hakuna kinga yoyote. Usikubali, hata ukiambiwa ni nusu bei.

Nyumba kwanza

Simama chumbani saa nane mchana, inua mkono karibu na dari. Ukihisi joto linashuka kama la tanuri, AC yako mpya itatumia nusu ya nguvu zake kupigana na bati. Bati tupu lisilo na dari ni adui mkubwa kuliko jua la dirishani. Weka dari ya jipsamu au mbao, na juu yake tandaza sufi ya kuhami joto au angalau karatasi ya fedha chini ya bati, ikiachiwa nafasi ya hewa. Panya wakiwa wengi, sufi wataigeuza kiota, kwa hiyo ziba kwanza matundu ya pembeni mwa paa.

Kisha madirisha. Nyumba nyingi za zamani hapa zina madirisha ya nako, na yalikuwa na akili zake: yaliruhusu upepo wa bahari upite usiku na mchana. Lakini nako haifungi. Vipande vya vioo vinaachiana nafasi, na hewa uliyoilipia LUKU inatoka kimya kimya. Chumba kitakachokuwa na AC kinahitaji dirisha la kusukuma la aluminiamu lenye mpira pembeni, au nako zibadilishwe ziwe kioo kizima kinachofunguka. Vyumba visivyo na AC viachie nako zake, zinafanya kazi nzuri.

Tazama pia juu ya madirisha na milango. Mafundi wa zamani walijenga matofali ya matundu ili hewa moto itoke. Kwenye chumba cha AC yazibwe. Chini ya mlango weka ukanda wa mpira. Ukishaziba chumba namna hiyo, jiko la mkaa lisiingie humo kamwe, hata la kufukizia udi kwa muda mrefu. Moshi wa mkaa una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na AC ya kawaida hailetei chumba hewa mpya. Inazungusha ile ile.

Dirisha la magharibi lipewe pazia zito au kivuli cha nje. Kivuli cha nje kinashinda pazia, kwa sababu kinazuia jua kabla halijaingia.

Ukubwa wa mashine

Kwa pwani yetu, kadirio linalotosha ni BTU 600 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kila mita ya mraba ya chumba chenye dari. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba, sawa na 7,200, kwa hiyo AC ya 9,000 inatosha. Cha 4 kwa 4 kinadai 9,600, chukua 12,000. Sebule ya 5 kwa 6 inadai 18,000. Ongeza kama 600 kwa kila mtu anayezidi wawili, na ongeza tena kama chumba kinapigwa na jua la jioni au jiko liko jirani bila mlango. Bati likiwa tupu, hesabu hizi hazikusaidii. Rudi kwenye dari.

Watu wengi hufikiri kubwa ndiyo salama. Sivyo, hasa hapa. AC hufanya kazi mbili: kupoza hewa na kuikausha. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza chumba upesi, ikazima kabla haijatoa unyevu, ukabaki na chumba cha baridi ambacho shuka zinanata na nguo kabatini zinatoa ukungu. Hewa ya Tanga ni mbichi mwaka mzima. Unyevu ndio unaowatesa watu wengi, wao wakidhani ni joto.

Nunua inverta. Kompresa ya zamani huwaka kwa nguvu zote, huzima, huwaka tena. Ya inverta hupunguza mwendo chumba kikishapoa na kuendelea taratibu, na huko kuendelea taratibu ndiko kunakokausha hewa. Piga hesabu. AC ya zamani ya 12,000 inavuta kama kilowati 1.2. Tuseme inalala na wewe kwa muda wa saa nane na kompresa inafanya kazi asilimia 70 ya muda huo: hizo ni karibu uniti 6.7 kwa usiku, uniti 200 kwa mwezi. Inverta ya ukubwa huo huo kwenye chumba kilichozibwa vizuri ikitumia uniti 4 kwa usiku, mwezi ni 120. Uniti moja tukiikadiria shilingi 350, tofauti ni shilingi 28,000 kila mwezi kwa chumba kimoja. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba AC moja tu ya kila usiku itamtoa humo.

Mfumo mmoja wa nyumba nzima, au kila chumba na chake?

Ndugu zetu waliokaa Ulaya wakirudi kujenga hutaka mfumo mmoja. Huko nyumba nyingi hupashwa joto na boila moja, maji ya moto yanazunguka kwenye mabomba hadi kila chumba, na wakiliona joto la huku wanageuza fikra hiyo hiyo iwe ya baridi: mashine moja kubwa nje, njia za hewa juu ya dari, au sehemu moja ya nje inayolisha vyumba vinne.

Kwa Tanga mimi naishauri kwa wachache sana. Mashine moja ikifa, nyumba yote inatoka jasho, na kadi yake ya umeme, ule ubongo wa mashine, huenda ikaagizwa Dar es Salaam au mbali zaidi. Njia za hewa juu ya dari huota ukungu zisipohamiwa vizuri. AC nne ndogo zinazojitegemea zinakupa nafuu ya kuharibikiwa na moja huku tatu zikifanya kazi, na fundi yeyote wa mtaani anazijua. Tena si lazima ununue zote leo. Anza na vyumba vya kulala.

Kama nyumba iko Lushoto hesabu inageuka. Mji ule uko mita kama 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai watu hulala na blanketi mbili. Huko nunua AC yenye joto na baridi. Mashine ile ile inageuza mwelekeo wa gesi, ikachukua joto la nje na kulileta ndani, na kwa uniti moja ya umeme inatoa joto la uniti tatu hivi. Hita ya waya haifiki hapo. Kwa mjini Tanga usilipie kitufe hicho.

Umeme

Kila AC iwe na njia yake kutoka kwenye kibao cha breka. Kuchomeka AC kwenye soketi ya sebuleni yenye televisheni na pasi ndiko kunakoyeyusha soketi. Kwa AC ya 9,000 au 12,000, waya wa mm 2.5 za mraba na breka ya ampea 16 au 20 inatosha. Kwa 18,000 na 24,000 vuta waya wa mm 4 za mraba, na breka ifuate kilichoandikwa na mtengenezaji. Breka kazi yake ni kuulinda waya. Ikijizima kila mara, anayeibadilisha kwa kubwa zaidi bila kubadilisha waya anaandaa moto ndani ya ukuta.

Nyumba za zamani nyingi hazina waya wa ethi unaofika ardhini, au chuma chake kimeoza kwa chumvi. Kipimwe upya. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Fundi AC asiyekuwa nayo asiguse kibao. Ukipanga kufunga AC nne kwa mpigo, muulize fundi huyo kama laini yako ya fezi moja itabeba, na kama ni lazima muende TANESCO kuomba fezi tatu.

Kadi ya inverta ni kompyuta ndogo, na umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika ndiyo inayokufa kwanza. Funga kinga ya umeme kwa kila AC, ile inayokata volti zikizidi au kupungua na kusubiri dakika tatu hivi kabla ya kuruhusu. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na kadi.

Kununua

Tazama gesi kwanza. Mashine mpya nyingi zinakuja na R410A au R32. Chukua R32. Inapoza vizuri kwa gesi kidogo, na ikivuja madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo zaidi: kilo moja ya R410A hupasha dunia joto kama kilo 2,088 za hewa ukaa, ya R32 kama kilo 675. R32 inaweza kuwaka kidogo ikikutana na moto, kwa hiyo fundi anayevuta sigara akiwa kazini mtoe nje.

Kisha chungulia koili ya sehemu ya nje. Bomba la shaba lenye mapezi yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, yanayoonekana ya buluu au ya dhahabu, linavumilia zaidi kuliko aluminiamu tupu. Rangi peke yake haithibitishi ubora, lakini mapezi meupe matupu nyumba ikiwa Raskazone ni kujitafutia.

Mitumba ya Japani iliyopita Unguja iangalie kwa makini. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230, na kibandiko hakisomwi na kila muuzaji. Kwa AC, mimi mtumba sinunui kabisa. Koili iliyotumika hujui imepigwa chumvi kiasi gani.

Dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana yenye namba ya mashine, na usome sharti la fundi. Dhamana nyingi hazitambuliki mashine ikifungwa na mtu asiyetambuliwa na muuzaji.

Mahali pa sehemu ya nje

Hapa ndipo mji wetu unapotofautiana na Morogoro au Dodoma. Kusi linatoka kusini mashariki na kaskazi kaskazini mashariki, na yote mawili yanapita juu ya maji kabla hayajafika ukutani kwako. Ukuta unaotazama bahari unapata ukungu wa chumvi mwaka mzima. Kwa hiyo sehemu ya nje iwekwe upande wa nchi kavu, nyuma ya nyumba au nyuma ya ukuta wa uzio, mahali ambapo upepo wa bahari hauipigi uso kwa uso. Upande huo mara nyingi ndio wa jua la jioni, basi ijengee kivuli cha bati juu, kikiwa mbali vya kutosha ili hewa moto inayotoka mbele isirudi nyuma. Iachie sentimita 30 nyuma na pembeni, na mbele pasiwe na kizuizi kwa mita moja na nusu.

Watu huogopa wezi wakaifungia ndani ya kizimba cha nondo kilichobanana na mabati pande zote. Mashine inajipumulia joto lake yenyewe, inapiga kelele, na uniti zinayeyuka. Kizimba kiwe cha nondo wazi.

Braketi ya chuma cha kawaida iliyopigwa rangi inakatika kwa kutu kabla ya mashine kuchoka. Tumia iliyochovywa zinki, na boliti za chuma kisichoshika kutu. Bora zaidi, kama una nafasi chini, mwaga kijukwaa cha zege cha sentimita 15 uiweke hapo na mipira ya kuzuia mtikisiko: utaisafisha bila ngazi. Kuta za matumbawe na chokaa hazishiki boliti za kupanuka, zinabomoka. Ukilazimika kutundika, boliti ipenye ukuta mzima na kushikwa na bamba la chuma upande wa pili.

Ngamiani, uchochoro ni wa watu wawili kupita. Usielekeze hewa moto kwenye dirisha la jirani, wala bomba la maji lisitone kwenye kibaraza chake. Pita umwambie kabla ya fundi kuanza kutoboa.

Kutoa ya zamani

Gesi isiachiwe hewani. Kama kompresa bado inawaka, fundi aiwashe kwenye baridi, afunge valvu ya bomba jembamba, asubiri gesi yote irudi kwenye sehemu ya nje, afunge valvu ya bomba nene, kisha azime mara moja. Baada ya hapo ndipo nati zifunguliwe. Kompresa ikiwa imekufa, gesi inyonywe kwa mashine na kuwekwa kwenye mtungi.

Mabomba ya zamani ya R22 yatolewe pia. Fundi atasema shaba bado nzima, lakini ndani yake kuna mafuta ya aina nyingine yasiyopatana na yale ya R32, na presha ya gesi mpya inazidi ya zamani kwa zaidi ya nusu. Hii ni sehemu moja ambapo kubana matumizi kunaua mashine mpya. Shaba hiyo kuukuu ina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ipime mwenyewe.

Siku ya kufunga

Fundi awe amesomea viyoyozi na majokofu, VETA au mahali pengine panapojulikana, na awe na karakana unayoweza kuifikia mambo yakiharibika. Fundi wa waja leo waondoka leo atakuachia nati zinazovuja na namba ya simu isiyopatikana.

Sehemu ya ndani iwe mita 2.2 hadi 2.5 kutoka sakafuni, na sentimita 15 chini ya dari ili ivute hewa. Isipulize moja kwa moja kichwani pa anayelala. Tundu la ukutani lichongwe likiinama kuelekea nje, na likishapitisha mabomba lizibwe kabisa, la sivyo mbu na panya wamepata mlango.

Mabomba ya shaba, kwa mashine ya 9,000 na 12,000, kwa kawaida ni ya robo inchi na tatu ya nane. Yakatwe kwa kikata bomba, si msumeno, maana vumbi la shaba linaishia kwenye kompresa. Kila bomba livishwe mpira wake wa kuhami. Yakivishwa pamoja kwenye mpira mmoja yanapashana joto. Nje yafunikwe na mfereji wa plastiki, kwa sababu jua la hapa hula mpira mtupu ukabaki unga.

Bomba la maji machafu mafundi wengi hawalipi heshima, na ndilo linaloleta malalamiko ya kwanza. Katika unyevu wetu AC moja inaweza kutoa lita moja hadi mbili kwa saa. Bomba lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita, lisipande popote, na mdomo wake usizame kwenye maji. Kabla ya kufunika, mwaga chupa ya maji kwenye sinia ya ndani uone yanatoka nje. Maji hayo yanafaa kumwagilia maua na kupiga deki. Ya kunywa si hayo.

Sasa jambo ambalo ningekuomba ulisimamie kwa macho yako. Mabomba yakishaunganishwa, ndani yake kuna hewa na unyevu. Unyevu huo ukichanganyika na mafuta ya kompresa unakuwa tindikali, na tindikali inakula nyaya za mota polepole. Mashine itapoza vizuri mwaka mzima, halafu itaungua "bila sababu". Dawa yake ni pampu ya vakyumu, na mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, pampu iko wapi?"

"Mama, hii ni bomba fupi, haina haja. Nafungua gesi kidogo inasukuma hewa inatoka."

"Haya baba, basi tusubiri mpaka pampu ipatikane. Chai ipo."

Hapo usilegeze. Utaratibu kamili uko hivi: kwanza mabomba yajazwe naitrojeni hadi presha iliyotajwa na mtengenezaji, na povu la sabuni lipakwe kwenye kila nati. Sindano ya geji ikikaa pale pale kwa nusu saa au zaidi, hakuna kuvuja. Oksijeni isitumike kabisa kwa jaribio hili. Ikikutana na mafuta inalipuka. Kisha naitrojeni itolewe na pampu inyonye kwa dakika 20 hadi 30 au zaidi, mpaka chini ya mikroni 500 (kipimo cha utupu wa bomba) kama fundi ana geji ya kupima hivyo. Pampu izimwe, dakika 15 zipite. Sindano ikipanda, kuna tundu au unyevu, arudie. Ikitulia, ndipo valvu za sehemu ya nje zifunguliwe.

Mashine mpya ina gesi yake tayari, inayotosha urefu wa bomba ulioandikwa kwenye kibandiko. Bomba likizidi hapo, gesi inaongezwa kwa kupima gramu kwenye mizani. Fundi anayeongeza kwa kushika bomba na kusema "imepoa hii" anabahatisha. Bomba lisiwe fupi kupita kiasi pia. Watengenezaji wengi hutaka walau mita tatu.

Kabla ya kumlipa

Iache iwake dakika 20 madirisha yakiwa yamefungwa. Pima kwa kipimajoto cha bei rahisi hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini. Tofauti ya digrii 8 hadi 12 ni nzuri. Toka nje usikilize mtikisiko, tazama maji yanatoka, gusa breka uone kama imepata moto. Zima breka, washa tena, uone kinga ya umeme inasubiri. Piga picha za vibandiko vyote viwili, maana namba hizo zitafifia kwa jua. Bakisha sehemu ya malipo ya ufundi hadi wiki ipite.

Kuishi nayo

Iweke 25 au 26 na panga boi likizunguka polepole. Ni raha ile ile ya 22 kwa uniti chache. Kuiweka 16 hakuipozi nyumba upesi zaidi.

Chujio lioshwe kila wiki mbili kwa maji ya bomba na kukaushwa kivulini. Sehemu ya nje, kwa walio karibu na bahari, imwagiwe maji baridi yasiyo ya chumvi kila wiki mbili hadi nne, breka ikiwa imezimwa, kwa mpira wa kumwagilia bustani. Usitumie mashine ya kuoshea magari, itayalaza mapezi ya koili yote. Maji ya kisima cha pwani yakiwa na ladha ya chumvi usiyatumie kwa kazi hii. Kila miezi minne fundi asafishe koili ya ndani na sinia ya maji, na kabla ya kaskazi kuanza, Novemba, apime umeme inaouvuta AC ikiwa kazini na kuandika namba hiyo kwenye karatasi uliyoibandika ndani ya mlango wa kibao cha breka. Mwakani namba ikipanda huku chumba kikiwa kile kile, anza na koili ya nje: huenda chumvi imeziba.